Meza na kitanda vya mninga kutoka msitu wa kijiji: tathmini baada ya miezi 14

Meza ya chakula yenye viti sita na kitanda cha futi sita kwa sita, vyote vya mninga, vimekaa nyumbani kwangu Dar es Salaam kwa miezi 14 sasa. Vimepita vuli mbili na masika moja, majira ambayo hewa ya mji huu hujaa unyevu hadi milango ya vyumba ikagoma kufungika, na naona muda huo unanitosha kusema jambo la uhakika kuhusu samani hizi. Nilizinunua katika karakana ndogo ya mtaa wa Keko, ya fundi mmoja na vijana wake watatu, isiyo na bango wala ukumbi wa maonyesho, inayotengeneza kwa oda tu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninachokipima hapa si ustadi wa patasi na randa peke yake, bali pia njia ambayo mbao imepita tangu mti uliposimama msituni hadi nikaweka sahani yangu juu yake.

Kitanda changu cha awali kilikuwa cha chipbodi, nilichokinunua dukani kwa sababu kiling'aa na kwa sababu kililetwa nyumbani siku hiyo hiyo. Masika ya nne, mfumbati wa upande wa dirishani ulivimba kama mkate uliolowa, skrubu zikakosa pa kushika, na usiku mmoja chaga zikaanguka chini pamoja na godoro. Fundi niliyemwita aligusa palipovimba, akaniambia kwamba unga wa mbao ukishaachana na gundi hauna dawa. Kitanda cha miaka minne kikaenda jalalani. Hapo niliamua kwamba kitakachofuata kitakuwa cha mbao halisi, na uamuzi huo ukanileta kwenye swali ambalo sikuwahi kujiuliza nilipokuwa nanunua chipbodi: mninga, mkongo na mvule hutoka katika misitu ya asili, na je, mimi nina haki gani ya kulalia mti uliokua zaidi ya umri wangu bila kujua ulikatwaje?

Wasiwasi huo una msingi. Watafiti waliopima misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar es Salaam, mara ya kwanza mwaka 1991 na mara ya pili mwaka 2005, walikuta kwamba ukataji wa miti ya mbao zenye thamani ulikuwa ukisogea mbali na mji kwa kilomita 9 kila mwaka, na nyuma yake ukifuatwa na uchomaji mkaa uliosogea kilomita 2 kila mwaka. Maana yake ni kwamba vitanda na makabati ya mji huu yalikuwa yakila msitu kwa mpangilio, kwanza miti bora, kisha kila kinachoweza kuwa mkaa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, malori yakapata njia rahisi ya kufika Kilwa na Lindi, na mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao ambayo yangeweza kukusanywa yalikuwa yakipotea, hasara iliyokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka. Msitu uliondoka, na waliokaa karibu nao hawakupata hata dawati la shule.

Kwa muda nilifikiri kwamba jibu la mtu mwenye dhamira safi ni kususia mbao za asili kabisa. Ninaandika tathmini hii kwa kiasi kikubwa kwa sababu nimeona kwamba jibu hilo si sahihi, na ningependa mnunuzi mwenzangu asikae nalo kwa miaka kama nilivyokaa mimi. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, ile inayojulikana kwa jina la NAFORMA, ilikuta kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba takriban hekta 373,000 zilikuwa zikipotea kila mwaka. Sehemu kubwa ya upotevu huo haitokani na seremala. Inatokana na kufungua mashamba, na mkaa unaongezea. Katika mkoa wa Lindi mshindani mkubwa wa msitu ni ufuta, zao linalolipa vizuri na linalopenda udongo ambao ndiyo kwanza umefyekwa na kuchomwa moto. Mkulima anapofungua shamba la ufuta mahali ambapo mti wa mninga hauna thamani yoyote kwake, mninga huo huteketea pamoja na vichaka. Mimi niliyesusia sijauokoa. Nimeuondolea tu mteja.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyofungua mlango mwingine. Kwa sheria hiyo kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kikaunda kamati ya maliasili, na kisha kikavuna na kuuza miti yake chenyewe, mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Wilaya ya Kilwa ni mfano ninaoufahamu zaidi. Huko shirika la kuhifadhi mpingo, linalojulikana kwa herufi MCDI, limesaidia vijiji kupima misitu yao na kuhesabu kila aina ya mti, ili ijulikane ni miti mingapi inaweza kukatwa kwa mwaka bila msitu kupungua. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa chini ya mpango huo ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, na kilikuwa cheti cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Fedha za magogo zimejenga madarasa na kuchimba visima, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua zitumike vipi. Mwanakijiji anayejua kwamba bomba la maji limetoka katika msitu huwa wa kwanza kupiga simu anaposikia msumeno usiku.

Naomba niseme kidogo kuhusu mti wenyewe, kwa sababu bila kuujua huwezi kuelewa unacholipia. Mche wa mninga ukishaota, sehemu yake ya juu hufa kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukizidi kunenepa ardhini, mpaka mwaka ambao utakuwa na nguvu ya kupanda haraka na kuzidi urefu wa moto wa nyasi. Kwa tabia hiyo, kuuotesha katika mashamba ya biashara kama mtiki au paina ni kazi isiyolipa, na hivyo mninga wote unaouona sokoni umetoka msitu wa asili, awe muuzaji ana leseni au hana. Kwa tabia hiyo hiyo, moto wa mwisho wa kiangazi unaweza kuudhuru msitu kuliko shoka, maana unaua miche ambayo ingerithi nafasi ya miti mikubwa. Kamati za vijiji huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali usipate cha kula baadaye. Kazi hiyo haionekani katika meza yangu, lakini imo katika bei yake.

Sasa nirudi Keko. Nilizunguka karakana tisa kwa siku mbili nikiuliza swali moja, kwamba mbao hii imetoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Wengi walijibu kwa upole kwamba zimetoka "kusini" na kwamba karatasi anazo mwenye ghala. Mmoja alinionyesha kabati aliloliita la mninga, lakini nilipofungua droo na kutazama upande usioonekana, ule ambao haukupakwa rangi, mbao ilikuwa nyeupe tupu na haikuwa na michirizi. Mninga wa kweli una rangi ya kahawia inayokwenda kwenye dhahabu, wenye michirizi ya wekundu isiyofuata mpangilio, na uzito wake ni wa wastani. Ukiinua kiti cha mninga na kiti cha mkongo vilivyo sawa kwa ukubwa, mikono itakuambia tofauti yake kabla ya macho. Mnunuzi yeyote atazame chini ya meza na nyuma ya kabati kabla hajatazama mbele.

Fundi niliyemchagua alikuwa wa saba kumwuliza. Alifuta mikono, akaenda kwenye kabati la chuma, akarudi na faili. Ndani mlikuwa na nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile ambayo wafanyabiashara huiita TP, yenye aina ya mti, idadi ya vipande, ujazo, mahali mzigo ulipotoka, mahali unapokwenda na tarehe. Na pamoja nayo stakabadhi ya malipo kwa kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa. Kisha akanipeleka kwenye rundo lenyewe na kunionyesha alama ya nyundo ya maofisa wa misitu iliyogongwa kwenye ncha za mbao ambazo alikuwa hajazikata. "Dada," aliniambia, "wateja huniuliza bei na siku ya kuchukua mzigo. Wanaouliza mti umekatwa wapi ni wachache sana, na ndiyo maana wenzangu hawahangaiki kutunza karatasi." Kauli hiyo imenikaa, kwa sababu inaonyesha kwamba uzembe si wa mafundi peke yao.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulipamba. Meza yangu haina nembo ya FSC, na haiwezi kuwa nayo. Nembo hiyo hairuhusiwi kugongwa kwenye samani mpaka kila mkono ulioimiliki mbao, kuanzia msituni, kiwanda cha kupasua, ghala, hadi karakana, uwe umekaguliwa na kupewa cheti chake, na gharama ya ukaguzi ni kubwa mno kwa fundi mwenye vijana watatu. Nilicho nacho ni nakala za hati, stakabadhi ya kijiji na neno la mtu. Huo ni ushahidi wa kadiri, na nimeukubali nikijua kwamba karatasi zinaweza kutumiwa mara mbili na kwamba vipande vya rundo moja vinaweza kuchanganywa na vya rundo jingine. Nililinganisha tarehe, idadi ya vipande na ukubwa wa rundo, vikakubaliana. Anayetaka uhakika zaidi ya huo atafute muuzaji aliyekaguliwa, aombe namba ya cheti chake, na aitafute katika orodha ya FSC iliyo wazi kwenye intaneti badala ya kuridhika na picha ya mti iliyobandikwa kwenye kabati.

Kuhusu ufundi, nina mengi ya kusifu. Uso wa meza umeundwa kwa mbao tano zilizopangwa ili michirizi ifuatane, na nikipitisha kiganja juu ya maungio sisikii hatua hata moja. Miguu imeshikwa kwa ulimi na tundu, na vigingi vya mbao badala ya misumari. Uso wenyewe haukupigiliwa kwenye fremu. Umeshikwa na vibanio vinavyouacha utanuke na kunywea kadiri hewa inavyobadilika, na hii ndiyo sababu masika yote haukupinda wala kupata ufa. Mninga una sifa ya kutulia ukishakauka, lakini sifa hiyo haimsaidii fundi anayetumia mbao mbichi. Fundi huyu alizipanga mbao zake chini ya paa, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite, na alikataa kuanza kazi yangu mpaka ziwe kavu. Kitanda nacho kimesimama imara. Matendegu ni manene, mfumbati haulii mtu anapogeuka usiku, na chaga zake ni za mninga pia, jambo ambalo mafundi wengi huliepuka kwa kuweka mbao hafifu mahali ambapo godoro litazificha.

Umaliziaji aliufanya kwa mafuta na nta ya nyuki kwa ombi langu, badala ya vanishi nzito. Matokeo ni mazuri kwa macho na kwa mkono, ingawa yanadai kazi: kila baada ya miezi minne hivi nafuta vumbi, napaka mafuta kidogo kwa kitambaa, na nasubiri usiku mmoja. Glasi ya maji baridi iliyoachwa mezani iliwahi kuacha duara jeupe, nalo likaondoka kwa msasa laini na mafuta. Vanishi isingekubali kutengenezwa kirahisi namna hiyo. Mwenye watoto wadogo na nafasi ndogo ya kufanya kazi hizi huenda akafaa zaidi na vanishi, na sitamlaumu.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa kwa wiki tatu, na ingawa sababu ilikuwa nzuri, sikuarifiwa hadi nilipopiga simu mwenyewe siku niliyoahidiwa mzigo. Droo moja chini ya kitanda hukwama masika yanapokolea na kuachia kiangazi. Kubwa zaidi ni kwamba mwezi wa tano niliona unga laini sakafuni chini ya viti viwili, na nilipovigeuza nikakuta vitundu vya dumuzi katika miguu. Mninga una kiini kinachohimili wadudu, lakini sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na fundi alikuwa ameacha ukanda mwembamba wa weupe katika miguu hiyo ili mbao imtoshe. Nilimpigia simu, akaja na kijana wake, akatoa miguu yote miwili na kuweka mingine ya kiini kitupu bila kudai malipo. Nilifurahi, lakini ningependa asingeiacha tangu mwanzo, kwa sababu alijua. Anayeagiza samani za mninga aseme wazi siku ya kupatana kwamba hataki weupe popote.

Bei ilikuwa shilingi 2,400,000 kwa meza na viti, na shilingi 1,350,000 kwa kitanda. Karakana ambazo hazikuwa na karatasi zilinitajia takriban shilingi 1,900,000 kwa meza ya ukubwa ule ule na viti vyake. Tofauti ya nusu milioni si ndogo kwangu. Niliilipa kwa awamu tatu. Lakini mbao isiyo na karatasi ina bei nafuu kwa sababu kuna mtu ambaye hakulipwa, na mara nyingi huyo ni kijiji. Pia nimeacha kulinganisha bei ya siku ya kununua peke yake: kitanda cha chipbodi kilinigharimu kidogo na kikafa baada ya miaka minne, ilhali kitanda cha mninga alichonunua babu yangu kabla mama yangu hajaolewa bado kinalaliwa na mjukuu wa nne kijijini.

Kwa ambaye mninga uko nje ya uwezo wake, mtiki wa mashamba ya miti, kama ule wa Longuza wilayani Muheza au wa bonde la Kilombero, ni chaguo ambalo ningelifikiria bila kusita. Umepandwa na unavunwa kwa mzunguko, huhimili unyevu vizuri, na chanzo chake ni rahisi kukithibitisha. Paina ya Sao Hill iliyotiwa dawa inafaa kwa rafu, vitanda vya watoto na fremu zisizobeba mzigo mkubwa, mradi asiuziwe mbao mbichi. Samani kuukuu za mninga na mvule zinazouzwa watu wanapohama nyumba ni hazina ambayo mafundi wazuri huifufua kwa randa na msasa, na hazihitaji mti mpya hata mmoja.

Ndugu zetu walio Oman, Uingereza au Marekani ambao hutuagiza tuwanunulie mbao za kupeleka huko wanapaswa kujua kwamba tangu mkutano wa Panama mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, miti ya Afrika ya jamii ya mninga na ya mkongo imo katika Kiambatisho cha Pili, na magogo na mbao zake hazivuki mpaka wa nchi bila kibali. Mpingo uliwekwa humo miaka kadhaa kabla. Kabla ya kutuma mzigo wowote wa miti hii, waulizwe kwanza maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Kwa jumla naipa karakana hii nne kati ya tano, na nusu ya alama niliyoikata ni kwa ajili ya weupe ule katika miguu ya viti. Mwezi uliopita nilirudi kuagiza kabati la vitabu, nikamwuliza fundi kama angekubali kutumia mtondoro au mkarati, miti ambayo ipo kwa wingi katika misitu hiyo hiyo ya vijiji lakini haina wanunuzi, kwa hiyo kijiji hulazimika kutegemea aina mbili au tatu za miti huku nyingine zikisimama bila faida. Alisita, kwa sababu mtondoro ni mgumu, hula makali ya msumeno, na hukataa kunyooka usipokaushwa kwa subira. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba nisimharakishe. Nimempa advansi ya nusu, mbao ziko chini ya paa lake zimetenganishwa kwa vijiti, na hati zake nimezisoma mwenyewe kabla ya kulipa.